Mikopo midogo ya Kisumu kwenye mizani ya gunia la omena

Gunia la omena, yaani dagaa, linaloshushwa soko la Kibuye na kuuzwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, huisha ndani ya wiki moja soko likiwa zuri. Kreti la nyanya halina subira hiyo. Siku ya nne linaanza kuvuja maji. Beli la mitumba hutoa pesa nyingi siku mbili za kwanza wateja wakigombania kamera, yaani nguo bora, kisha fagia, yaani masalia, hubaki wiki tatu au nne likiuzwa kwa bei ya kuliondoa tu. Mahindi ya Kakamega yaliyopandwa Machi hayampi mtu senti kabla ya Agosti. Mikopo yote tuliyoikagua hapa tumeipima kwa swali hilo kwanza: mali inageuka pesa lini, na marejesho yanadaiwa lini? Riba tumeihesabu pia, tena kwa ukali, lakini kinachoangusha kibanda mara nyingi ni tarehe ya kulipa kufika pesa ikiwa ingali ndani ya gunia.

Tuanze na mkopo wa kikundi unaolipwa kila wiki, kwa sababu ndio unaouzwa zaidi katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Mtindo wenyewe ulianzia Bangladesh, ambako Muhammad Yunus alikopesha wanakijiji wa Jobra mwaka 1976. Hapa Kenya shirika la mikopo midogo la K-Rep liliuiga, na vikundi vyake vya watu watano vikaitwa hivyo hivyo, "watano". Siku hizi taasisi nyingi hutaka kikundi cha watu 15 hadi 30. Mnaweka akiba wiki kadhaa kabla ya kuona shilingi ya mkopo, kisha wachache wanapewa kwanza, wengine wanangoja kuona kama hao wa kwanza wanalipa. Hakuna hati ya shamba inayohitajika. Dhamana ni majirani: mmoja akikosa, wengine wanachanga.

Kwa muuza omena, mkopo huu unaelewana na biashara. Gunia linageuka kwa wiki, rejesho ni la wiki. Mwanamke wa Obunga anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, anazungusha pesa kila siku, kwa hiyo kutenga rejesho kila siku saba ni rahisi kuliko kumwambia atunze pesa hiyo hadi mwisho wa mwezi, wakati kodi ya nyumba na karo vinaitolea macho. Mwenye mitumba yuko hatarini zaidi. Wiki ya kwanza analipa kwa tabasamu, wiki ya nne anauza fagia kwa hasara ili apate rejesho, na beli la pili hana pesa ya kulinunua. Huyo aombe ratiba ya mwezi, au akope nusu ya bei ya beli na nusu aweke mwenyewe.

Sasa hesabu, na hapa ndipo tunataka msomaji achukue kalamu. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 30,000 kwa wiki 24, riba ikitajwa kuwa asilimia 18 kwa mwaka. Ukiuliza, utaambiwa riba ni shilingi 2,700, wiki 24 zikihesabiwa kama nusu mwaka, na ukigawanya, rejesho ni 1,362.50 kila wiki. Inaonekana nafuu. Lakini uliza maswali mawili zaidi. La kwanza: riba inahesabiwa juu ya nini? Ikiwa inahesabiwa juu ya 30,000 zote tangu mwanzo mpaka mwisho, unalipia pesa ambazo umesharudisha, maana kufikia wiki ya 12 nusu ya mkopo umekwisha kuilipa. La pili: nitapokea shilingi ngapi mkononi? Tuseme ada ya kuandaa mkopo ni asilimia 2, bima asilimia 1, na akiba ya lazima asilimia 10 inayofungiwa mpaka umalize. Zinatoka 600, 300 na 3,000. Unaondoka na 26,100, lakini deni lako ni 30,000.

Ukiweka hayo yote pamoja, gharama yako ni 3,600 (riba na ada). Pesa uliyokuwa nayo kweli mkononi, ukipiga wastani wa wiki zote 24, ni kama 11,725 tu, kwa sababu ilikuwa inapungua kila wiki na sehemu yake ilifungiwa tangu mwanzo. Geuza kwa mwaka: karibu asilimia 66. Hatusemi mtu asichukue. Muuza omena anayepata faida ya shilingi 15 kwa kila 100 anazozungusha kwa wiki anaweza kubeba gharama hiyo bila kutoka jasho. Mwenye duka la unga linalopata shilingi 5 kwa 100, na stoki yake inageuka mara moja kwa mwezi, hawezi. Asilimia 18 haikuwadanganya, haikuwaambia yote. Tarakimu zetu ni za mfano, kwa hiyo weka zile za karatasi yako na ufuate njia hiyo hiyo.

Kuhusu akiba ya lazima, kuna tofauti ambayo maafisa wachache huieleza bila kuulizwa. Ikiwa taasisi ni benki ya mikopo midogo yenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mikopo Midogo ya 2006, akiba yako inalindwa na shirika la bima ya amana, KDIC, hadi shilingi 500,000. Ikiwa ni kampuni ya kukopesha tu, hairuhusiwi kuchukua amana za umma, na hiyo "akiba" ni dhamana ya pesa taslimu tu. Kampuni ikifunga milango, hakuna atakayekulipa fidia. Cheti cha leseni huwa kimebandikwa ukutani ofisini. Ukisome.

Fomu ya mali ndiyo sehemu tunayoipa alama mbaya kuliko zote. Utaombwa kuorodhesha vitu vya nyumbani: televisheni, sofa, friji, mtungi wa gesi. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017, orodha hiyo inaweza kusajiliwa rasmi kama dhamana, kwa hiyo si karatasi ya kutishia mtu tu. Usiandike kitu cha mama mkwe, wala friji ambayo duka bado linakudai. Na usiandike vifaa vya kazi. Karai na jiko la kukaangia mgongo wazi vikichukuliwa wiki ya kumi, marejesho ya wiki 14 zilizobaki yatatoka wapi? Afisa mzuri anakubali kuviondoa ukimweleza hivyo. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Mkutano nao una bei yake. Wiki 24, saa mbili kila mara ukihesabu kwenda, kusubiri wachelewaji na faini zao, na kurudi: hizo ni saa 48 kibanda kikiwa kimefungwa. Mkutano wa saa nne asubuhi unamkata mwenye mboga katikati ya wateja. Wa saa nane mchana unamwachia. Kikundi kina nguvu ya kuomba saa ibadilishwe kabla ya mkopo wa kwanza kutolewa. Baadaye nguvu hiyo inapungua sana. Ipo pia ile desturi ya "leo hatutoki": rejesho la mmoja halijatimia, basi wote wanakaa mpaka lichangwe. Kwa mara moja ni ujirani. Ikitokea wiki tatu mfululizo, kikundi kinavunjika kuanzia kwa wale wanaolipa vizuri, kwa kuwa hao ndio wenye pa kwenda.

Vikundi vingi vinavyokufa vimeuawa na mkopo wa kivuli. Dada anakopa kwa jina lake, pesa zinakwenda kwa mwanachama mwingine aliyekwisha kufika kikomo chake, au kwa mume wake, au kwa mwenyekiti. Yule aliyekula pesa hana deni kwenye karatasi. Dawa yake ni ya kizamani lakini inafanya kazi: wiki mbili baada ya mkopo kutoka, wanachama wawili wanakwenda kuona stoki kwa macho. Omena za 26,000 zinaonekana. Kama hazionekani, afadhali kikundi kijue wiki ya pili kuliko ya kumi na tano.

Marejesho yalipwe kwa namba ya malipo ya taasisi, na kila mtu abaki na ujumbe wa M-Pesa. Pesa taslimu mkononi mwa afisa, hata awe mtu wa kanisani kwenu, haina ushahidi zaidi ya sahihi kwenye kitabu anachokibeba yeye.

Msimu nao uangaliwe. Uvuvi wa omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hufungwa kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Bei inapanda, magunia yanapungua. Mkopo wa wiki 24 uliochukuliwa Februari unapita katikati ya kiangazi hicho cha ziwani. Uliochukuliwa mwanzo wa Agosti unaisha katikati ya Januari, uvuvi ukiwa wazi muda wote. Kero yake ni wiki za mwisho tu, zinapogongana na karo. Anayelazimika kukopa Februari awe na bidhaa ya pili mezani, hata kama ni mboga za osuga na mrenda. Magugu maji nayo yakiziba ghuba ya Winam, mashua hazitoki, na hakuna fomu ya mkopo tuliyoiona yenye mstari wa kuahirisha rejesho kwa sababu hiyo. Mkopo wa kikundi tunaupa nyota tatu kati ya tano kwa mwenye mali inayozunguka haraka. Moja kwa wengine.

Mikopo ya simu ni habari nyingine kabisa. M-Shwari, huduma ya mkopo ndani ya M-Pesa iliyoanza Novemba 2012, hutoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru. Kwa 5,000 hiyo ni 375. Haina mkutano, haina sofa ya kuandika. Ukiigeuza kwa mwaka ni asilimia 90, na mwenye nyanya anayekopa Jumatatu na kulipa Ijumaa anaumia zaidi, maana ada ni ile ile ya siku 30. Fuliza, ile ya M-Pesa ya kukukopesha salio lisipotosha, tunaiogopa zaidi kwa biashara: inameza pesa yoyote inayoingia kwenye namba yako binafsi. Mteja anakutumia 800 za kabichi, inakwenda kwenye deni, na alfajiri huna pesa ya kununua mzigo. Anayetumia Fuliza asipokee malipo ya biashara kwa namba hiyo. Nyota mbili kwa zote mbili, na ni za dharura tu.

Ukipakua programu ya kukopesha usiyoijua, angalia kwanza orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Kanuni za 2022 zinawakataza kupigia simu watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma majina yote ya simu ina sababu yake.

Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote kwa mtu binafsi: asilimia 8 kwa mwaka. Bonyeza *254#, chagua kiasi kati ya 500 na 50,000 kulingana na kikomo chako. Ukiomba 1,000 unapokea 950, kwa sababu asilimia 5 inawekwa akiba, sehemu kubwa ikiwa ya uzeeni. Riba ya siku 14 ni kama shilingi 3. Soda haipatikani kwa pesa hiyo. Tatizo ni hizo siku 14 na kikomo kidogo cha kuanzia. Elfu moja inanunua nyanya kidogo, inazunguka mara tatu kwa wiki mbili, na inalipika. Hainunui beli. Wengi huichukua wakaila, wakijiambia ni pesa za serikali, kisha kikomo kinaganda na riba inapanda hadi asilimia 9.5. Anayekopa 500, akalipa siku ya kumi, akarudia miezi kadhaa, kikomo chake kinaweza kukua. Nyota nne kwa mama mboga mwenye uvumilivu.

Mfuko wa Wanawake wa serikali, ulioanzishwa 2007, ulianza kwa kukopesha vikundi bila riba, kwa ada ya asilimia 5. Uwezo Fund ya 2013, nayo ya serikali, haitozi riba, inakata ada ya asilimia 3. Uwezo inatoa miezi sita ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza, jambo ambalo hakuna mkopeshaji wa kila wiki anayelikaribia. Kwa kikundi kinachoanza kufuga kuku wa mayai, ambao hutaga baada ya takriban wiki 20, miezi hiyo sita ndiyo mkopo wenyewe. Gharama iko kwenye njia: cheti cha usajili kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, katiba, kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama na namba za vitambulisho, akaunti ya benki, mafunzo, kisha kungoja. Usipange kununua vifaranga kwa tarehe fulani ukitegemea pesa hizi. Kosa la pili ni kuzigawana sawa siku zinapoingia. Laki moja kwa watu kumi inakuwa elfu kumi kumi zinazoyeyuka jikoni, na deni linabaki moja.

Chama cha kukopeshana wenyewe, sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu mikononi mwa watu watatu tofauti, kinaonekana ghali sana kwenye karatasi. Asilimia 10 kwa mwezi si ajabu. Hapa ndipo kulinganisha riba tu kunapompoteza mtu. Riba hiyo haitoki nje ya chumba. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 hadi 12, inagawanywa kwa hisa. Aliyenunua hisa nyingi na kukopa kidogo anapata faida, aliyekopa sana na kununua kidogo anamlipia mwenzake. Nunua hisa kila mkutano, hata moja, ndipo ukope. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba pesa ni chache, na wote wanazitaka Januari. Mwezi wa kugawana nao ni wa hatari: sanduku limejaa, na kila mtu mtaani anajua. Tunakipa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni ya Januari.

Wanaosaidia kutoka mbali kupitia Kiva, tovuti ya kuchangia mikopo midogo, watuelewe vizuri. Kazi hiyo ilianza 2005 na wafanyabiashara wa Tororo, Uganda, mwendo mfupi tu kutoka Malaba, na mtoaji anaweza kuanza na dola 25 bila kupata riba hata senti. Lakini mkopaji wa Kondele hakopi kwa mtoaji. Anakopa kwa taasisi mshirika, ambayo ina riba na ada zake, na mara nyingi mkopo huwa umeshatoka kabla picha yake haijapanda mtandaoni. Kwa hiyo mtoaji asome sehemu ya mshirika: anatoza kiasi gani, ratiba ya marejesho ikoje, na kama kuna kipindi cha kupumua. Picha ya mama mwenye kapu la samaki haisemi lolote kati ya hayo.

Kwa mkulima, hakuna kilichotajwa juu kinachofaa isipokuwa chama. One Acre Fund, iliyoanzia Bungoma mwaka 2006, ilipata ule ufunguo ambao wengine waliukosa: inakopesha mbegu na mbolea badala ya pesa, na mkulima hulipa vipande vidogo kwa wakati wake mradi amalize kabla ya tarehe ya mwisho. Mbolea ya DAP inafika kabla ya mvua, si baada. Bado kuna mtego mmoja. Wote wakiuza mahindi wiki ile ile ya mavuno ili wamalize deni, wanauza kwa bei ya chini kuliko zote za mwaka. Anayelipa kidogo kidogo kuanzia Mei kwa pesa ya maziwa au mboga anabaki na magunia yake hadi bei ipande. Mkulima wa viazi vya Molo anayepeleka Nakuru hana nafasi hiyo, viazi havikai, kwa hiyo deni lake liwe dogo zaidi.

Mkopo wowote ukiisha, kazi haijaisha. Omba barua ya kumaliza deni siku ile ile, kabla afisa hajakutolea fomu ya mkopo mkubwa zaidi. Omba karatasi ya mali irudishwe, na usajili wake ufutwe kama ulifanywa. Uliza akiba ya lazima inatoka baada ya siku ngapi za notisi. Baada ya mwezi hivi chukua ripoti yako ya CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Moja kwa mwaka ni ya bure kisheria. Ukikuta deni lililolipwa bado limeandikwa, ile barua ndiyo utakayoipeleka.